Hakufa kwa Ajili ya Nyani



Nataka kusema nanyi juu ya neno moja nililolisikia katika matanga, nami nikalinyamazia. Kunyamaza kwangu kumenichoma moyo tangu siku ile, na ndiyo sababu nashika kalamu. Maneno yangu yakiwa makali, jueni kwamba mtu wa kwanza ninayemkemea ni mimi mwenyewe.

Nilitoka Kasugho kwenda kijiji kimoja kilicho karibu na mpaka wa Paki ya Virunga, kwa maana marehemu alikuwa wa ukoo wa mke wangu, nami nilimwita shemeji. Alikuwa mlinzi wa paki. Alipigwa risasi akiwa kazini. Sitamtaja jina, kwani mama yake yu hai, wala hakunituma niitangaze huzuni yake. Usiku ule niliongoza rozari. Tulipokwisha kusali, sisi wanaume tulitoka nje tukaketi penye moto. Hapo mzee mmoja, Mkristu wa siku nyingi, mtu wa Komunyo kila Jumapili, alitikisa kichwa akasema: “Bure kabisa. Mtoto wa watu amekufa kwa ajili ya nyani.” Wengine wakacheka chini chini. Mwingine akaongeza: “Alijitakia mwenyewe. Si angelima kama wenzake?” Kisha wakanigeukia: “Nawe mwalimu, wasemaje?”

Nilisoma seminari miaka kadhaa. Nilifundishwa kuwajibu watu wanapouliza juu ya imani na juu ya mema na mabaya. Siku ile nilijibu: “Tumwombee tu marehemu, wazee.” Nikatazama moto.

Na aibu yangu haikuishia hapo. Chai ya matanga yale ilipikwa kwa makala, na makala yale yalichomwa ndani ya paki, katika pori lile lile alilokuwa akililinda marehemu. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi, kwa sababu kila mtu alijua. Tulimlilia huku tukinywa chai ile.

Basi leo nataka kulijibu swali la wazee wale. Nimechelewa, lakini afadhali kuchelewa kuliko kufa na deni.

WALIKUFA WAKIFANYA NINI?

Kwanza tuzijue habari zenyewe. Walinzi wa Virunga waliouawa kazini wamepita 200. Sina nafasi ya kuwahesabu wote hapa. Tutazame mara tatu tu.

Tarehe 11 Mei 2018, gari la paki lilishambuliwa njiani, kaskazini ya mji wa Goma. Ndani yake alikuwamo Rachel Masika Baraka, binti wa miaka 25, mmoja wa wanawake wachache waliovaa nguo za ulinzi wa paki. Masika ni jina letu. Hakuna parokia kwetu isiyo na akina Masika wengi, wengine wamo katika kwaya, wengine katika katekisimu. Huyu alikuwa akiwasindikiza wageni wawili kutoka Uingereza. Aliuawa akiwakinga. Wageni wale walitekwa, kisha wakaachiliwa baada ya siku mbili, wakarudi kwao hai. Nauliza: nyani yuko wapi katika habari hii? Binti wa watu alisimama kati ya wageni na bunduki. Sisi tunaojisifu kwamba twajua kumheshimu mgeni, tungempa jina gani mtu wa namna hiyo?

Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi walikuwa wakirudi makao yao makuu ya Rumangabo, katika Rutshuru. Njiani walikuta gari la raia likishambuliwa na watu wenye silaha. Wangeweza kugeuza gari. Wenye kuvizia hawakuwa wakiwangoja wao. Hawakugeuza. Waliuawa walinzi 12 na dereva wao, pamoja na raia 4. Watu 17 kwa siku moja! Hesabu walinzi 12 katika kijiji chako, uone ni nyumba ngapi zingefunga milango. Nauliza tena: nyani yuko wapi? Hao walikufa kwa ajili ya watu ambao hata majina yao hawakuyajua. Katika Injili mtu wa namna hiyo aitwa jirani, naye Msamaria alisifiwa na Bwana kwa kumsaidia mtu mmoja baada ya wanyang'anyi kuondoka. Hawa walifika wanyang'anyi wangali pale.

Tarehe 10 Januari 2021 ilikuwa Jumapili, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Saa ya asubuhi ambayo wengi wetu hujitayarisha kwenda Misa, walinzi 6 waliuawa wakiwa katika doria ya miguu ndani ya paki. Walikuwa vijana wa miaka 25 hadi 30. Wenye paki walisema waliofanya tendo lile ni Mai-Mai, yaani vijana kwa vijana, waafrika kwa waafrika, labda wabatizwa kwa wabatizwa.

Hawa sita ndio ambao mzee wangu angesema walikufa kwa ajili ya nyama za porini. Basi tulichungue hata neno hilo.

MATUMBO YETU YATOKA PORINI

Tukubali kwamba mlinzi hulinda wanyama. Je, ni kazi ya kuchekwa? Katika Kitabu cha Mwanzo Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Sisi Wanande twasifiwa kwa sehemu ya kwanza: twalima hata mlimani ambapo mbuzi hawezi kusimama. Sehemu ya pili tumewaachia walinzi, kisha twawacheka kwa sababu wanaifanya. Baba Mtakatifu Fransisko alituandikia barua ya Laudato si' mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote. Ni wangapi kati yetu viongozi wa mashirika tuliwasomea watu hata ukurasa mmoja?

Lakini najua wengi hamtasikia neno la Mwanzo mpaka mguswe sahani. Haya, tuseme habari za sahani. Samaki wa Vitshumbi na wa Kyavinyonge, ambao hupanda mpaka sokoni Butembo na kutuletea kitoweo cha bukari, watoka katika ziwa Edward. Upande wa Kongo wa ziwa lile umo ndani ya paki. Viboko hula majani ukingoni usiku, kisha hurudi majini na kuacha mavi yao humo. Mavi yale hurutubisha maji, na viumbe vidogo vinavyoliwa na samaki huongezeka. Katika miaka ya 1970 walikuwako huko viboko karibu 29,000. Kufika mwaka 2005 hawakutimia hata 1,000, kwani waliuawa na wenye bunduki kwa ajili ya nyama na meno. Wavuvi walilia kwamba samaki wamepungua. Mlinzi anayemkinga kiboko amkinga pia samaki, na anayemkinga samaki amshibisha mtoto wa Butembo ambaye hajapata kumwona kiboko maisha yake yote.

Vivyo hivyo na msitu. Mahali ulipokwisha, chemchemi hukauka, na mvua ikinyesha udongo hushuka bondeni pamoja na mihogo yetu. Wakulima wote wa milima ya Lubero walijua jambo hili kabla sijazaliwa. Hatuna haja ya mtaalamu wa kutufundisha. Tuna haja ya kuacha kujifanya hatujui.

“PAKI NI YA WAZUNGU”

Wako wasemao: “Paki si yetu. Iliwekwa na Wazungu, walitunyang'anya ardhi ya babu zetu.” Neno hili halitoki hewani, wala sitaki kulifunika. Paki iliwekwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa amri ya Mfalme Albert wa Ubelgiji, ikaitwa kwa jina lake. Baadaye ilipanuliwa. Wako watu walioondolewa mashambani mwao, na wajukuu wao wangali wakiikumbuka mipaka ya zamani. Mwenye kilio hicho asikilizwe na serikali, na asikilizwe kwa haki.

Lakini aliyechora mpaka mwaka 1925 si Rachel Masika. Wale waliouawa Rumangabo mwaka 2020 walikuwa hawajazaliwa, wala baba za wengi wao. Kama una deni na mfalme aliyekufa, waendaje kulidai kwa risasi katika kifua cha mtoto wa jirani yako? Sheria gani, ya Kanisa au ya mababu, yakupa ruhusa hiyo? Wazee wetu walipogombana juu ya mpaka wa shamba, waliketi, wakaleta mashahidi na mbuzi, wakanywa kasiksi ya kupatana. Hawakumvizia mlinzi wa mpaka.

Na sisi wa Kasugho yatupasa kunyamaza zaidi kuliko wengine wote tunaposikia neno la “mali ya Wazungu”. Mwaka 1998 ni wakuu wetu wa kimila, wa Bamate na wa Batangi, waliotoa msitu wao ili uwe hifadhi ya Tayna, kusudi gorila na viumbe wengine wasiishe na watu wapate faida. Mwaka 2006 serikali iliitambua hifadhi hiyo rasmi. Hapa hapa Kasugho likafunguliwa chuo cha kuwafundisha vijana kazi ya kutunza viumbe. Ni neno lililotoka vinywani mwa wazee wetu wenyewe. Kwa hiyo anayemcheka mlinzi wa msitu hapa kwetu hamcheki Mzungu. Awacheka babu zake.

“WALINZI WENYEWE NI WAONEVU”

Wako wengine wasemao: “Mwalimu, wewe husemi ukweli wote. Wako walinzi wanaopiga watu. Wako wanaopokea rushwa na kuacha mbao zipite. Wako waliomnyang'anya mama kuni zake, wakaziuza wenyewe.” Nakubali. Wako. Nami nimeshaona kwa macho yangu mwenye sare akihesabu franka za mama mjane barabarani, na damu ikanichemka.

Lakini tutazame vizuri. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha na kwenda kulima. Aliwakataza kuwaonea watu na kuwasingizia, akawaagiza watosheke na mshahara wao. Maana yake, kazi ya ulinzi si dhambi. Uonevu ndio dhambi. Basi mlinzi mwonevu ashitakiwe, ahukumiwe, afukuzwe. Mlinzi mwema aheshimiwe. Sisi twafanya kinyume: mwenye kupokea rushwa twamwita “mtu mwelewa”, twamkaribisha bia, na yule anayekataa twamwita mkaidi, mwenye moyo wa jiwe. Kisha twashangaa kwa nini waovu ni wengi. Tumewalea wenyewe!

Kanisa limekwisha kutoa hukumu yake juu ya jambo hili, tena kwa mtoto wa jimbo letu la Kivu ya Kaskazini. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, akiwafundisha watoto wa barabarani wasio na wazazi. Hakuwa polisi wala mlinzi wa paki, lakini kazi yake ilikuwa ile ile ya kuilinda sheria kwa ajili ya watu: alikuwa katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Vyakula vilivyoharibika vilipoletwa ili viuzwe mjini, alikataa kuvipitisha. Wakampa fedha, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena, kwani alijua watu wangekula sumu. Mwezi wa Julai 2007 walimteka, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26, naye alikuwa akijitayarisha kwa ndoa.

Nina hakika kwamba hata kwenye matanga yake walikuwako watu waliosema: “Bure kabisa. Amekufa kwa ajili ya mchele.” Lakini Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana Kinshasa mwaka 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, shahidi wa imani. Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 wakati ule, na sherehe ikafanyika Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Vinywa vilivyosema “bure” vilikuwa wapi siku ile?

Mimi sisemi kwamba kila mlinzi aliyeuawa ni shahidi wa imani. Hukumu hiyo si yangu, ni ya Kanisa. Nasema jambo dogo zaidi, ambalo kila mtoto wa katekisimu aweza kulielewa: mtu akiuawa kwa sababu amekataa kuacha wajibu wake mwema, hajafa bure. Anayesema amekufa bure asimama upande wa muuaji, hata kama ameshika rozari.

MFUKO WA MAKALA

Sasa nafika penye kidonda. Mtaniambia: “Mwalimu, na njaa je? Mke wangu apike kwa nini?”

Sina neno la ukali kwa mama aliyeokota mti mkavu ili watoto wake wale. Mungu anamwona. Lakini tusijifiche nyuma ya kitambaa cha mama huyo. Yule anayekata miti mikubwa kwa msumeno wa mashine si yeye. Yule anayechoma tanuri kumi kwa mara moja, akapakia lori usiku, si yeye. Na makundi yenye bunduki yaliyokaa porini hutoza kodi: kwa kila tanuri kodi, kwa kila mfuko kodi, kwa kila ubao kodi. Kodi ile hununua risasi. Risasi ile huingia katika kifua cha mlinzi. Ndiyo njia ya franka yetu: hutoka mfukoni mwetu sokoni, hupita kwa mchuuzi na kwa mwenye chukudu, huingia porini, kisha hurudi kwetu katika sanduku la maiti. Halafu sisi twavaa nguo za matanga na kuuliza: “Jamani, nani amemwua mtoto huyu?”

Mimi niliyeandika haya nimenunua makala yale. Nilinunua kwa sababu ni rahisi kupatikana, na kwa sababu sikutaka kuuliza. Nimeungama kosa langu. Tangu siku zile twapika kwa matawi ya miti tuliyoipanda wenyewe, eukaliptusi na mingineyo, na kwa jiko la udongo lililofunikwa pande zote ili kuni chache zitoshe. Mke wangu alilalamika wiki mbili, kisha akazoea. Naandika haya msije mkadhani sisi ni watu wema. Nataka mjue tu kwamba yawezekana. Kila mwenye shamba kwetu aweza kupanda miti hamsini ukingoni. Kila shirika laweza kuwa na bustani ya miche. Twajua kukusanya fedha za kununua ngoma za kwaya. Tushindwe na mbegu za miti?

ULIMI HUUA KABLA YA BUNDUKI

Nduguzangu, muuaji hatoki mbinguni kama mvua ya mawe. Kabla hajashika bunduki, yamekwisha kusemwa maneno mengi yanayomfungulia njia. “Hao ni adui.” “Hao wala fedha za wageni.” “Hao si watu wetu.” Maneno hayo husemwa katika kilabu, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. Msemaji hurudi nyumbani akalala. Lakini kijana aliyesikia halali. Yeye huyachukua maneno hayo mpaka porini.

Kwetu twaijua habari hii kwa uchungu. Wakati wa Ebola, kuanzia mwaka 2018, watu walisema ugonjwa ni biashara, waganga ni wauaji, kituo cha matibabu ni machinjio. Tarehe 19 Aprili 2019, siku yenyewe ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu Butembo, wakampiga risasi daktari Richard Mouzoko. Alikuwa mtu wa Kameruni, ameacha nyumba yake akaja kututibu. Waliomwua walikuwa wachache. Waliotayarisha kifo chake kwa ndimi zao walikuwa maelfu, na wengi wao jioni ile walikuwa kanisani wakilibusu Msalaba. Ni vigumu kuandika hivi, lakini ni kweli. Mlinzi wa paki auawa kwa njia ile ile. Kwanza huuawa jina lake, kisha mwili.

Basi mzee wangu penye moto, pamoja na wale waliocheka, pamoja nami niliyenyamaza, tulikuwa tukimwua shemeji mara ya pili, maiti yake ingali ndani ya nyumba.

TUFANYE NINI?

Hapa wengine wataogopa, wakisema: “Mwalimu ataka tuwataje wauaji, nasi tuchomewe nyumba.” Sitaki hivyo. Najua tunapoishi. Najua kwamba usiku hatuna polisi mlangoni, na kwamba tangu miaka mingi kila mwenye bunduki hujiita serikali. Kanisa halimdai baba wa watoto ajitafutie kifo. Lakini yako mambo ambayo hakuna bunduki inayotulazimisha kuyafanya. Hakuna bunduki inayotulazimisha kucheka kwenye matanga, wala kumsifu muuaji kwa nyimbo na masimulizi kama kwamba ni shujaa. Na bei ndogo ya makala haikutushikia kisu. Tuanzie hapo.

Kisha tufanye kumbukumbu ya kweli. Kila tarehe 2 Novemba tunawataja marehemu wetu. Mlinzi aliyeuawa atajwe pamoja na wengine kwa sauti, bila kunong'ona kama kwamba alikufa kifo cha aibu. Mwalimu wa katekisimu anapofundisha Amri ya Tano, asimulie habari za wale 12 wa Rumangabo waliogeukia hatari ili wawaokoe raia. Watoto wasikie kwamba yako mashujaa wasioimbwa redioni.

Tuwatazame pia wajane. Kule Rumangabo ilianzishwa karakana ya kushona ambapo wajane wa walinzi walipata kazi na riziki, na lilikuwa jambo jema. Lakini wengine wamerudi kwa wazazi wao vijijini mwetu, na huko mara nyingine hukuta mashemeji wameshagawana mabati na mashamba. Wakristu wanaomnyang'anya mjane shamba la marehemu, kisha wanaleta fedha za Misa kwa ajili ya marehemu huyo huyo, wamdhihaki Mungu. Padri aweza kuipokea sadaka yao kwa kutokujua, lakini Mungu ajua. Shirika linalojua jambo la namna hiyo na kunyamaza, lisijiite shirika.

Na kwenu wenye mamlaka nina neno moja la heshima. Mnawapeleka vijana porini kukabiliana na watu walio wengi kuliko wao. Basi walipwe mshahara kwa wakati wake, na wakifa watoto wao wasomeshwe. Wauaji watafutwe na kuhukumiwa mbele ya watu wote, na mlinzi mwonevu naye ahukumiwe vivyo hivyo. Maua na hotuba kwenye kaburi hazilishi yatima. Msipofanya haki, mnawapa nguvu wale wasemao kwamba mtoto wa watu alikufa bure.

Namalizia nilipoanzia. Asubuhi ya maziko, mama wa marehemu alinishika mkono akaniuliza, si kwa hasira: “Baba mwalimu, wanasema mwanangu amekufa kwa ajili ya nyani. Je, Mungu naye anasema hivyo?” Kumbe alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa miti na udongo. Sikujua nimjibu nini, nikamwambia tu kwamba Mungu ni mwema.

Mama, leo nakujibu, tena mbele ya watu wote. Hapana. Mungu hasemi hivyo. Mwanao alilinda maji tunayokunywa, samaki tunaowala na njia tunazopita. Alilinda kitu ambacho Mungu mwenyewe aliagiza kilindwe. Sisi tulioketi penye moto ule ndio tuliosema neno baya, na mimi niliyelijua kuwa baya nililiacha lipite. Utusamehe.

Nanyi wasomaji, mtakapokuwa matangani na kulisikia neno hili, msitazame moto. Jibuni.